Chakula cha Mgonjwa

Nyumba ya fundi Ngatia, pale Ruring'u, ilijulikana kwa chai. Hata mpita njia aliyebisha hodi kuuliza njia tu aliketishwa, akawekewa kikombe cha enameli kilichojaa mpaka ukingoni, chai ya maziwa mengi kuliko maji, na sukari vijiko vinne bila kuulizwa. Aliyesema viwili vinamtosha aliambiwa anywe, aache madaha.

Waithira, mkewe, ndiye aliyeipika chai hiyo, na alijua ilikotoka. Mwaka wa hamsini na tisa mumewe alirudi kutoka kizuizini baada ya miaka mitano, amebaki macho na mifupa. Watu walikuwa bado wanaishi katika vile vijiji ambamo mkoloni aliwakusanya kwa nguvu, vilivyozungushiwa mitaro na kulindwa na askari, nyumba zimebanana, chakula ni uji mwembamba na majani ya viazi vitamu. Ngatia alipoketi, hakuomba nyama. Aliomba chai yenye sukari. Nyumbani hamkuwa na hata chembe. Waithira akakimbia kwa jirani yake Kagure, na Kagure akakung'uta kopo lake lote, akampa kijiko kimoja na nusu, kimefungwa ndani ya jani la mgomba. Ngatia alikunywa polepole, akalamba na kijiko, kisha akasema, "Nikijenga nyumba yangu, sukari haitakosekana humo hata siku moja."

Neno lake alilitimiza. Uhuru ulipokuja, maduka ya mawe yalianza kuota Nyeri mjini mpaka Karatina na Kerugoya, na mkono wa Ngatia wa kuchonga mawe ulitafutwa kila mahali. Vyungu vya nyumbani navyo vikabadilika. Nduma za asubuhi zikawa za wazee. Watoto walitaka mkate wa dukani uliopakwa siagi ya mkebe. Chapati, ambazo zamani walizinusa tu wakipita nyuma ya nyumba za Wahindi, zikawa ndizo Krismasi yenyewe. Ule uji wa kuchachuka ambao wanawake walibeba kwa vibuyu kwenda kumwona mzazi ukaachwa. Sasa mzazi alipelekewa kilo ya sukari, mkate na mafuta ya kupikia. Hata mgonjwa alibadilishiwa sahani. Zamani alichemshiwa supu ya mbuzi yenye mizizi michungu. Siku hizi alipelekewa soda na glukosi, ule unga mweupe wa mkebe, na aliyekwenda kumwona mgonjwa na nduma ndani ya kiondo alitazamwa kwa upande.

Hakuna aliyesikitika. Waliokula majani ya viazi miaka yote ile wangeona kosa gani kwa mkate?

Jioni, wakati chai inachemka, Ngatia alipenda kutega vitendawili. Watoto walikuwa wameshaondoka, Wacera, binti yao mkubwa, ameolewa Kerugoya, lakini yeye alitega vivyo hivyo kana kwamba jiko limejaa.

"Kitendawili."

"Tega," alijibu Waithira, macho yake yako kwa sufuria.

"Nampiga kutwa nzima, hatoi machozi, anatoa vumbi."

"Jiwe. Hilo umelitega tangu unioe."

"Basi hiki. Mgeni wangu ni mweupe, nikimwogesha simwoni tena."

"Chumvi."

"Si chumvi. Nipe mji."

"Chukua Kangari."

"Kangari nilikwenda," Ngatia alisema, akijinyoosha kama mtu aliyetoka safari, "nikakuta majani ya chai mpaka mlangoni, lakini wenyewe walininywesha chai bila sukari. Nikarudi kwangu. Ni sukari, mama Wacera. Wewe kila siku waiogesha, na hujui jina lake."

Mwaka wa sabini na nne, kipande cha jiwe kilimrukia Ngatia mguuni, kikapenya kiatu, kikamkata karibu na kidole kikubwa. Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo. Alikifunga kwa kitambaa, akaendelea na kazi. Wiki ya tatu kilikuwa bado wazi, na Waithira akaanza kuona mambo mengine ambayo hakuwa ameyaunganisha: mumewe amekonda shingo, na mtungi wa maji ambao zamani ulimaliza siku mbili sasa ulikwisha kabla ya jua kutua. Akampeleka hospitalini.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alisema, "Mzee, damu yako imejaa sukari."

"Daktari," Ngatia alisema, "hiyo nimeitafuta mwenyewe kwa jasho langu."

Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka. Aliwaeleza kwamba ugonjwa wa sukari huzuia kidonda kupona, na kidonda kisipopona, mguu unaweza kukatwa, na mambo yanaweza kwenda mbali kuliko mguu. Akampa tembe. Halafu akamgeukia Waithira, maana alijua ufunguo wa jiko uko kwa nani, akahesabu kwa vidole: sukari asionje, soda asionje, asali, jemu, muwa, keki. Mkate kidogo sana. Waithira hakuwa msomaji, lakini katekisimu aliijua yote kwa moyo. Orodha ile aliiweka mahali hapo hapo. Njiani wakirudi aliirudia kimyakimya: sukari, soda, asali, jemu, muwa, keki.

Siku hiyo hiyo alibeba kopo la sukari, akampelekea Kagure.

"Mimi siwezi kukaa nayo nyumbani. Mkono wangu umezoea, utaitia bila kuniuliza."

Kagure alipokea, lakini kesho yake alipokuja kunywa chai, alionja, akaangalia ndani ya kikombe kama mtu anayechungulia kisima.

"Mama Wacera, hii chai imefiwa ama? Mbona imenyamaza hivi?"

"Kunywa. Utazoea."

"Nizoee nini, na sukari yako iko kwangu? Kesho nitakuja nayo mfukoni kama mwizi."

Walicheka. Ila wageni wengine hawakucheka. Chai bila sukari katika nyumba ya Ngatia iliwaambia kwamba wamechokwa, na baadhi yao hawakurudi.

Ngatia naye alitii, kwa shida. Alirudishiwa nduma, uji wa wimbi usiotiwa kitu, mboga za majani. Alikula akiwa ameinamisha kichwa.

"Mama Wacera, nimerudishwa kijijini. Bado tu yule askari wa kupiga filimbi."

"Ni kwa ajili ya mguu."

"Najua ni kwa ajili ya mguu. Sijalalamika. Nimesema tu kuwa chakula hiki nakifahamu."

Baada ya majuma mawili kidonda kilianza kukauka pembeni. Waithira alikiosha kila asubuhi kwa maji ya chumvi, na kila asubuhi alikipima kwa jicho, akakiona kimerudi nyuma upana wa uzi. Lakini mumewe alikuwa mnyonge. Suruali ilimshuka kiunoni. Alishika nyundo, akaiweka chini. Na hakutega tena vitendawili. Hilo la mwisho ndilo lililomuumiza Waithira zaidi, maana nguvu za mwili hurudi, lakini jiko lilikuwa kimya kama la mjane na mwenyewe yumo ndani.

Ndipo Kagure alipokuja rasmi kumwona mgonjwa. Alikuwa amevaa kitambaa chake cha kanisani, na ndani ya kiondo alikuwa na mkebe wa glukosi.

Waithira aliuangalia. "Daktari alisema asionje sukari."

"Nani ametaja sukari? Sukari ni ya chai. Hii ni ya wagonjwa." Kagure aliufungua mkebe, akampa anuse. "Mtoto wa Gatimu alipoharisha hadi akaacha kulia, hospitalini walimtilia nini kwa mshipa? Si glukosi? Leo si anakimbiza mbuzi? Ungekuwa ubaya, hospitali ingeutia watu kwenye damu?"

Waithira alirudia ile orodha moyoni. Sukari, soda, asali, jemu, muwa, keki. Glukosi haikuwemo. Na kweli mtoto wa Gatimu alipona; yeye mwenyewe alikuwa amekwenda kumwona, akaiona ile chupa imetundikwa juu.

Akakoroga vijiko vitatu katika maji ya uvuguvugu, akampelekea mumewe. Ngatia alionja. Akanywa tena, akafumba macho.

"Hii ni nini?"

"Dawa ya nguvu. Kagure ameileta."

"Mwambie Kagure Mungu ambariki." Akamaliza, akarudisha kikombe. Jioni ile, kwa mara ya kwanza baada ya majuma, alisema, "Kitendawili," na Waithira akageuza uso kwa ukuta ili machozi yasionekane.

Tangu hapo ikawa asubuhi kikombe na jioni kikombe. Mkebe ulipokwisha, Waithira alikwenda mjini kwa duka la Bwana Natu, akanunua mwingine, na mwingine. Kiu ya Ngatia ilipozidi, alimwongezea, maana ni nani amwone mgonjwa ana kiu amnyime kinywaji chenye nguvu? Alivyozidi kunywa ndivyo alivyozidi kuwa na kiu.

"Kitendawili," Ngatia alisema siku moja, ameegemea mlango. "Mtungi unaojazwa kutwa na haujai."

"Ni wewe."

"Ni mimi," alikubali, na wote wawili wakacheka.

Kidonda kikaacha kurudi nyuma. Kisha kikaanza kwenda mbele. Kidole kikubwa kilipata rangi ya kijivu, halafu rangi ambayo Waithira hakutaka kuitaja. Aliosha, akafunga, akaomba. Na kwa vile hali ilikuwa mbaya, aliongeza kijiko cha nne.

Jumamosi moja alimkuta dukani, badala ya Bwana Natu, mkewe Kamla, mwanamke mnene wa sauti ya chini. Waithira aliomba mikebe miwili. Kamla aliiweka juu ya meza, lakini hakuiachilia.

"Mama, wewe kuja kila wiki kwa hii. Nyumbani nani mgonjwa?"

"Mzee wangu."

"Pole. Mgonjwa ya nini?"

"Ugonjwa wa sukari. Na mguu uko na kidonda."

Kamla aliivuta ile mikebe polepole mpaka upande wake wa meza, akaifunika kwa mikono miwili. Nyuma yake saa ya ukutani ilikuwa inagonga.

"Mama, sikiza. Natu pia iko na hii ugonjwa, miaka nane sasa. Mimi pika bila sukari, mimi jua. Hii ni sukari, mama. Hii ni sukari kushinda sukari. Natu naonja kidogo tu kama sindano ya daktari nashusha sukari sana na anataka kuanguka. Siku nyingine, hapana."

"Lakini ni ya wagonjwa."

"Ya wagonjwa wengine."

Waithira alishika ukingo wa meza. Alitaka kuuliza kama Kamla ana hakika, lakini uso wa yule mwanamke ulikuwa umeshajibu. Kamla akazunguka meza, akamletea kiti. Waithira hakuketi. Alisema asante, akatoka, na akatembea kwa miguu mpaka Ruring'u, kiondo kitupu kinampiga mgongoni. Kila hatua alihesabu vikombe. Alifika hesabu ikiwa bado haijaisha.

Ngatia alikuwa nje, ameketi juu ya jiwe alilokuwa amelichonga nusu, mguu wake umeinuliwa juani.

"Umerudi. Nitilie kile kikombe changu, koo limekauka."

Waithira aliketi chini, kwenye vumbi, mbele yake. Akamwambia yote, mfululizo, bila kujitetea: orodha ya daktari, mtoto wa Gatimu, mikebe, kijiko cha nne, Kamla. Alipomaliza, kuku wa jirani alikuwa amekuja kudonoa karibu na miguu yao, na hakuna aliyemfukuza.

"Kamla amesema hivyo?"

"Mumewe ni mgonjwa kama wewe."

Ngatia aliutazama mguu wake kwa muda mrefu, kama anavyotazama jiwe kabla ya kuamua apige wapi. "Na mimi nilikuwa nafikiri unaniponya," alisema.

Hakukuwa na ukali katika sauti. Waithira angependa uwepo.

"Kagure anajua?"

"Hajui."

"Basi asijue. Yule alinipa sukari yake ya mwisho nikiwa mifupa mitupu. Hawezi kuambiwa kwamba ameniua."

"Hujafa, baba Wacera."

"Sijafa. Lakini asijue. Wala Wacera, maana Wacera hawezi kushika neno."

"Na mimi je?"

Ngatia alimwekea mkono begani, mkono mzito wenye sugu za nyundo. "Wewe umeshajua," alisema. "Hilo sina la kulifanya."

Walimkata mguu juma lililofuata, chini ya goti. Daktari yule kijana alishangaa sukari ilivyopanda, akamuuliza Waithira kama mzee alikuwa anakula kwa siri. Waithira alijibu, "Si yeye," na daktari, ambaye alikuwa na wagonjwa wengi wanaomsubiri, hakuelewa, akaandika kitu, akaenda.

Habari zilipofika Ruring'u, watu walianza kumiminika wodini kama ilivyo desturi. Hakuna aliyekuja mikono mitupu. Kabati dogo la kitandani lilijaa soda, mikate, na mikebe ya glukosi imepangana kama dukani. Waithira alipokea kila kitu kwa shukrani, akakitia kiondoni, akafika nyumbani akamwaga glukosi yote chooni, mkebe baada ya mkebe. Angewaambia kuwa daktari amekataza, lakini Kagure angesikia, angeuliza, tangu lini? Na katika hilo neno kila kitu kingetoka.

Siku ya tano alitoka kidogo kwenda kuchota maji ya kumnawisha. Aliporudi, Kagure alikuwa ameketi kando ya kitanda. Alikuwa ameshakoroga. Kikombe kilikuwa mkononi mwa Ngatia, na Ngatia alikuwa anakiinua mdomoni.

Waithira alimwona usoni. Hakuwa anakunywa kwa kiu. Alikuwa anakunywa ili Kagure asiulize.

Alidondosha beseni, akafika kitandani kwa hatua mbili, akakinyakua kile kikombe, akakimwaga dirishani. Wodi nzima ikageuka. Mgonjwa wa kitanda cha pili akajiinua kwa kiwiko ili aone vizuri.

Kagure alibaki na kijiko mkononi. "Umemwaga chakula cha mgonjwa," alisema taratibu, kana kwamba anajieleza mwenyewe alichokiona.

Ngatia, nyuma yake, alimtazama mkewe. Akatikisa kichwa kidogo tu, mara moja.

"Nimemwaga," Waithira alisema.

"Kwa nini?"

"Nimemwaga tu, Kagure."

"Nimetembea kutoka Ruring'u na goti langu hili. Nimemkorogea mtu aliyekatwa mguu apate nguvu. Kama umechoka kumuuguza, sema, tuko wengi tutakusaidia. Lakini usimwage."

Waithira alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, fupi, na lingemwokoa. Akaufunga. Kagure akakusanya mkebe wake, akafunga kitambaa chake upya, akamuaga Ngatia kwa mikono miwili, akapita karibu na Waithira kama anapita karibu na nguzo.

Ngatia hakurudi nyumbani kwa miguu wala kwa magongo. Kidonda kipya kilifuata njia ya kile cha zamani, na mwezi wa saba, wakati ukungu unashuka kutoka mlimani na kukaa kutwa bila kuondoka, alifariki asubuhi, Waithira akiwa amemshika ule mkono wenye sugu. Siku mbili za mwisho hakusema sana. Aliomba maji. Waithira alimpa maji.

Mazishini wanawake wa Ruring'u walipika kama wapikavyo watu wa kanisa moja, wali wa Mwea kwenye masufuria ya kukopa, chapati, na chai kwa mapipa. Kagure ndiye aliyesimamia moto, maana hakuna aliyemshinda kwa kupikia watu wengi, na ugomvi hauzuii mtu kupika mazishini. Waithira, ameketi ndani kwenye mkeka pamoja na Wacera, aliwasikia kupitia ukuta wa mbao.

"Alikimwaga mbele yangu," sauti ya Kagure ilisema. "Mwenyewe amekishika, anakunywa, akamnyang'anya."

"Ati alimnyang'anya?"

"Muulize Wamucii, alikuwa kitanda cha pili akimuuguza mwanawe."

"Labda alikuwa amechanganyikiwa."

"Labda. Lakini mimi namjua tangu ujana, na sikumjua siku ile."

Wacera alimgeukia mama yake. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mama, wanasema nini hao? Ni kweli?"

"Ni kweli," Waithira alisema.

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

Waithira alizitazama nyuzi za mkeka. Alisikia uzito wa lile neno, likiwa limekaa kifuani kama jiwe ambalo halijachongwa bado, na akajua litakaa hapo hivyo hivyo. "Baba yako na mimi tulikuwa na mambo yetu," alisema. "Usiniulize tena, Wacera."

Wacera aliondoa mkono wake mkononi mwa mama yake, polepole, akaenda nje kuwasaidia wanawake.

Baadaye Kagure aliingia na sinia la vikombe. Alimpa kila aliyeketi. Alipofika kwa Waithira alisimama kidogo, kisha akainama, akamwekea kikombe mikononi, kwa heshima yote inayompasa mjane.

"Kunywa, mama Wacera," alisema, wala hakumwangalia. "Hii yangu ina sukari. Sikumnyima mtu."

Wanawake waliokuwa karibu walishusha vikombe vyao. Mvuke ulimpiga Waithira usoni. Vijiko vinne, labda vitano, mkono wa Kagure haukuwahi kupima.

"Asante, Kagure," alisema.

Akanywa yote, mpaka chini, na Kagure akasimama pale akimngoja amalize, kisha akachukua kikombe, akaenda kukiosha.